KRIMU ILIYONUKA SIKI

Mama mkwe wa mdogo wangu alitafuna mara mbili, halafu akaacha kutafuna.

Akatoa leso kwenye pochi. Akaiweka mdomoni. Akatema.

DJ wa sendoff akazima muziki bila kuambiwa na mtu.

"Mmenilisha nini?" Mama Seth akauliza.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele!

Kabla hata sijainuka kwenye kiti, shosti yangu wa miaka tisa, Anitha, akamnyang'anya MC kipaza sauti.

"Jamani, naomba nieleweke! Mimi nimeoka keki tu! Krimu ni kazi ya Elieth! Si mnajua wote Elieth ndiye fundi wa krimu feki?"

Elieth ni mimi.

Ndugu zangu mnaosoma, watu mia mbili waligeuza shingo kwa mpigo mmoja. Mama yangu mzazi aliweka mikono kichwani. Kuna mtu upande wa wakwe akasema, "Sumu!" Lile neno likazunguka meza zote mpaka jikoni kwa wapishi.

"Anitha, unasema nini wewe?" nikauliza.

Hakunitazama. Akarudisha kipaza sauti, akachukua mkoba wake, akatoka. Mtu niliyemuuguzia mtoto wake surua! Akatoka hivyo hivyo!

Na mdogo wangu Evelina, bibi harusi mtarajiwa mwenyewe, alikuwa amejificha kwenye bega la Seth wake analia. Hakuniangalia hata mara moja. Nikajisemea maskini, aibu imemzidi.

Wanawake wakamtoa Mama Seth nje kusukutua mdomo. Ndipo akasimama Mzee Daudi, baba mdogo wa Seth, ambaye ndiye msemaji wa upande wao.

"Sisi tulikuja kuchukua binti," akasema. "Hatukuja kulishwa gundi. Ndoa ya Jumamosi ijayo tusiiongelee kwanza. Kesho saa tisa alasiri tutakuja nyumbani kwenu Nzuguni. Mtuambie nani amefanya hivi na kwa nini. Mkikosa jibu, hakuna ndoa."

Wakainuka. Viti themanini vikabaki vitupu, pilau limo kwenye sahani.



Sasa ngoja niwaambie kazi yangu, maana kwenye komenti najua mtaanza: "Dada, kwani krimu feki ya nini?"

Mimi natengeneza keki za maonyesho. Zile mnazoziona kwenye vioo vya maduka ya keki hapa Dodoma, miezi mitatu sasa hazijachacha wala kuingia sisimizi, nyingi ni mkono wangu. Na kwenye sendoff, kamati inataka meza ya keki saba, lakini mfuko una keki moja. Basi sita natengeneza mimi. Ndani ni povu gumu, lile jeupe linalofungiwa televisheni. Nje krimu. Ya saba ndiyo ya kuliwa, na hiyo anaoka Anitha.

Siri yote iko kwenye krimu. Kuchagua hiyo krimu kumenitesa miaka!

Nilianza na povu la kunyolea ndevu nikichanganya na gundi nyeupe ya mbao. Siku ya kwanza inapendeza mpaka unataka kulamba. Siku ya nne imesinyaa, na vumbi la huku kwetu limejaa kwenye kila kitundu.

Nikahamia kwenye jasi. Nzito, na ukiigusa ncha ya ua inabaki mkononi.

Nikajaribu ule udongo mwepesi wa kuchezea watoto. Mzuri, sikatai. Lakini ukiupitisha kwenye pua ya nyota ya kupambia keki, unagoma. Mistari haitoki, linatoka donge.

Nikajaribu ile ya kuzibia nyufa za ukuta. Ikikauka inajikunja, keki inaonekana imezeeka.

Mwisho nikafika kwenye silikoni. Na silikoni ziko mbili, shikeni hapo!

Kuna ya bei rahisi, ipo kila duka la vifaa vya ujenzi, mafundi wa madirisha ya alminiamu ndiyo wanayotumia. Inakauka upesi. Lakini inanuka siki! Siki ile ile ya kachumbari. Unaipaka leo, kesho bado inanuka, na mng'ao wake ni wa sahani ya plastiki.

Halafu kuna isiyonuka. Bei imechangamka, inakauka polepole, na lazima uagize. Hiyo ndiyo yangu. Naitia tone la rangi ya maziwa, kwa sababu krimu ya kweli haina weupe wa chokaa. Ikikauka napitisha poda ya mtoto kwa brashi laini kuua mng'ao. Mtu anaweza kuweka pua juu yake asijue.

Na nina sheria moja tu: keki ya kuliwa siigusi!

Hata kuisogeza siisogezi. Mkono ulioshika silikoni haukaribii chakula cha mtu. Anitha anajua. Mama anajua. Evelina anajua, na huwa ananicheka, "Dada na sheria zako, utadhani bungeni."

Kwa hiyo watu walipokwisha kutoka ukumbini, nilikwenda moja kwa moja kwenye ile keki.

Palipokatwa palikuwa mbele, upande wa wageni na kamera. Ndani keki ya kweli, laini, ya vanila. Juu yake krimu imesimama bila kulegea, na joto lote lile la Oktoba.

Nikazunguka nyuma. Huko kulikuwa na krimu ya kweli, imeyeyuka, imeteremka mpaka kwenye stendi.

Mbele feki. Nyuma ya kweli. Keki moja!

Nikainama nikanusa mbele. Vanila. Vanila nyingi mno, mtu alikuwa amepulizia. Nikabandua kipande kwa kucha, nikakifungua katikati, bado kinanata.

Siki!

Ndugu zangu, nilicheka peke yangu ukumbini kama nimerukwa na akili. Halafu ile hasira ikarudi mara mbili. Sio tu kwamba wamenisingizia. Wamenisingizia kwa kazi MBAYA! Miaka sita sijagusa silikoni ya siki, leo nawekewa jina kwenye uchafu ule?

Nikampigia Anitha. Haipokelewi. Nikapiga tena. Imezimwa.

Nikafungua kundi la WhatsApp la kamati. Watu mia na sitini humo. Heri nisingefungua.

"Fundi feki na roho feki."

"Wivu wa dada mkubwa asiyeolewa huo."

"Alitaka kumuua mama wa watu!"

Hilo la kutoolewa aliliandika shangazi yangu. Damu yangu kabisa. Na akaweka emoji ya moto.

Sikujibu. Nililala na nguo nilizovaa.

Asubuhi ya Jumapili kanisani sikwenda, Mungu anisamehe. Nilikwenda Majengo kwa Mbwana, anayeniuzia vifaa. Duka lake hufunguliwa siku zote saba.

"Mbwana, nipe silikoni nyeupe. Ya siki."

Akanitazama. "Ya siki? Wewe?"

"Nipe tu."

"Nyie watu vipi? Jana mchana mwenzako Anitha kachukua mirija mitatu ya hiyo hiyo. Nikamwambia Elieth hatumii hii. Akasema ana haraka, umeme umekatika, kitu kimeyeyuka. Hata maji niliyompa hakumaliza."

"Ulimwona yeye mwenyewe? Kwa macho yako?"

"Elieth, alisimama hapo uliposimama wewe."

Nilichukua ule mrija na bodaboda mpaka Ipagala kwa Anitha. Sikubisha hodi. Nimekula kwenye ile nyumba miaka tisa, hodi ya nini?

Alikuwa amekaa kitandani na gauni la jana. Macho yamevimba. Nikautupa ule mrija mapajani mwake.

"Unaijua hii?"

Akaugeuza geuza. "Naijua."

"Umepaka wewe?"

"Nimepaka mimi."

Nilitegemea atabisha, nimpige kofi. Alipokubali hivyo mkono ukakosa kazi, na hilo likaniudhi zaidi!

"Mimi nimekukosea nini, Anitha? Umeshika kipaza sauti mbele ya watu mia mbili ukataja jina langu! Ukiwa unajua ni wewe!"

"Umeme ulikatika saa nne. Friji ya ukumbi ikafa. Nilipofungua, krimu yote imeshuka..."

"Ungenipigia!"

"Nilitaka kukupigia."

"Ukashindwa nini? Vidole vilikatika?"

Akafuta pua kwa kanga.

"Elieth, naomba uniache mpaka saa tisa. Kuna mtu nataka aseme mwenyewe. Asiposema, nitasema mimi."

"Mtu gani?"

"Mpaka saa tisa. Nilimwahidi."

Nikamtukana. Matusi nisiyoweza kuyaandika hapa, ukurasa wangu utafungwa. Nikatoka nikiwa na hakika moja tu, kwamba anatafuta mtu wa kumbebesha, kama alivyonibebesha mimi.

Nyumbani nikamkuta Mama anaosha vikombe vya wageni. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua uso.

"Elieth mwanangu, kaa."

Nikakaa.

"Leo wakija... wewe kubali tu."

"Nikubali nini, Mama?"

"Sema ulichanganya. Sema ulipitiwa. Wataelewa, ni kazi ya mikono. Wewe kazi utapata nyingine. Mwenzako ana ndoa moja."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Mama, si mimi. Nimeshajua ni nani, na ushahidi ninao!"

"Sijakuuliza ushahidi." Akaweka kikombe chini. "Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mbebee mdogo wako."

Hiyo methali nimeisikia tangu mdogo, kila ninapotakiwa kuacha kitu changu. Niliacha chuo ili Evelina asome, wakaniambia hiyo hiyo. Sare zake nimenunua mimi. Hata sita za jana, zile keki sita, sikulipwa, ni zawadi yangu kwake!

"Kwani nani anakufa nami, Mama?" nikamuuliza. "Jana nilikuwa peke yangu pale."

Akaendelea kuosha kikombe kilichokwisha kutakata.

Nikaingia kwenye chumba changu cha kazi, kile cha uani. Nikatoa sahani nyeupe. Nikakamulia ua moja kwa silikoni ya siki niliyotoka kuinunua. Pembeni yake nikaweka ua moja langu la wiki iliyopita, la ile isiyonuka. Nikafunika kwa kawa.

Saa tisa kamili walifika. Mzee Daudi na fimbo yake, Seth hajalala, shangazi zao wawili, na Mama Seth mwenyewe, midomo imebabuka kidogo. Roho iliniuma kumwona vile.

"Mbukwenyi!" Mzee Daudi akasalimu kwa Kigogo. Tukaitikia. Siku nyingine ingefuata vicheko na kuulizana mvua. Siku hiyo hakuna aliyeuliza mvua.

Evelina alikaa karibu na Mama, kajifunika kitenge mpaka kidevuni.

"Tumekuja kusikia," Mzee Daudi akasema.

Mama akanikanyaga mguu chini ya meza. Yaani alinikanyaga kweli, na kiatu!

Nikasimama.

"Shikamooni. Mimi ndiye Elieth niliyetajwa jana. Sitaongea sana. Naomba Mama Seth anuse vitu viwili."

Nikafunua sahani. Minong'ono ikaanza, kumbe walidhani nimewaletea keki tena. Shangazi mmoja akarudi nyuma na kiti chake.

Mama Seth akainama. Akanusa ua la kwanza, lile langu.

"Hili halina kitu."

Akanusa la pili. Akabaki ameinama. Halafu akafungua pochi, akatoa ile leso ya jana, akaikunjua. Lile donge lilikuwa humo humo! Akalinusa, akanusa tena lile ua la pili.

"Ndiyo hii," akasema. "Na nilijua tangu ikiwa mdomoni."

"Ulijua, shemeji?" Mzee Daudi akashangaa.

"Baba Seth si fundi wa madirisha huko Msalato? Nimefua mashati yanayonuka hivi miaka ishirini. Nikajiuliza, huyu binti wanayemsema ni fundi wa keki hizi, sita zote nimezipita zimenidanganya macho na pua. Inakuwaje ya saba inuke dirisha?" Akanitazama. "Hii si kazi yako."

"Si kazi yangu, mama."

Watu wangu, machozi yalinitoka! Nilikuwa nimejiapiza sitalia mbele yao. Mwanamke niliyeambiwa nimetaka kumuua ndiye wa kwanza kuitazama kazi yangu kwa haki.

"Basi nani?" Mzee Daudi akagonga fimbo chini.

"Aliyeinunua na kuipaka ni Anitha," nikasema. "Amekiri kwangu leo asubuhi."

"Ndiyo! Ni Anitha!"

Ilikuwa sauti ya Evelina. Kitenge kimeshuka mabegani, amesimama. "Ni yeye! Siku zote anamwonea dada wivu! Dada yangu hana kosa!"

Ndiyo kwanza Evelina anifungulie mdomo tangu jana. Moyo ukalainika... sekunde mbili hivi.

"Evelina."

Anitha alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika saa ngapi. Kanga begani, simu mkononi.

"Nilikupa mpaka saa tisa useme mwenyewe," akasema. "Jana ulinipigia kunishukuru kwa kunyamaza. Leo unaniita mwenye wivu."

"Muongo huyo! Mtoeni!"

"Nilikutumia picha ya keki ilivyoyeyuka. Ukanijibu kwa sauti. Nimeitunza."

"Anitha, nakuomba..." Sasa Evelina hakuwa anapiga kelele tena.

Anitha akabonyeza.

Chumba kizima kikasikia saluni kwanza, kelele za kikaushio cha nywele. Halafu sauti ya mdogo wangu, safi kabisa:

"Anitha, usinipigie tena bwana, niko saluni. Tafuta silikoni kama ya dada, paka mbele yote, mimi nataka picha zitoke. Nyuma acha hivyo hivyo, nitakata huko. Na dada usimwambie, atagoma na sheria zake. Kikinuka, sema ni yeye. Yeye ndiye fundi wa feki, nani atabisha?"

Ikaisha.

Nani atabisha...

Ndugu zangu, niliwahi kufungwa mlango wa gari kwenye vidole. Haikuuma hivyo. Huyu niliacha shule kwa ajili yake! Jina langu aliliandaa mchana, akiwa anatengenezwa nywele, kama mtu anayeweka akiba ya unga ndani!

Na Anitha naye akalipokea, akalitumia. Wote wawili!

Seth ndiye aliyeongea kwanza. Taratibu.

"Eve. MC alipokuita ukate keki upande wa mbele, kwenye mwanga... ulijua pale mbele ni silikoni?"

Evelina akavuta kitenge usoni.

"Ulijua, ukakata, ukamlisha mama yangu?"

"Kamera zilikuwa zinawaka, Seth..."

Nikakumbuka mkono wake ulivyotetemeka na uma jana. Nilisema ni furaha. Hata nilipiga picha!

Nikageuka kwa Mama. Sijui kwa nini, miguu iligeuka yenyewe.

"Mama. Na wewe ulijua?"

Mama akaanza kukunja kitambaa cha meza. Akakunja kona moja, akanyoosha, akakunja tena.

Basi nikajua.

Mama Seth akaikunja leso yake na lile donge, akairudisha kwenye pochi. Akasimama, na wote wakasimama.

"Evelina," akasema, "ile silikoni niliitema. Haya niliyoyasikia leo nimeshayameza. Anayemtoa dada yake hivi kwa ajili ya picha, mwanangu atamtoa kwa ajili ya nini?"

"Mama, nisamehe..."

"Si mimi. Mimi nimebabuka midomo, itapona. Huyu ndiye uliyemkosea." Akaninyooshea kidole. "Siku atakayotupigia simu yeye, Elieth, kwa mdomo wake, aseme mmeyamaliza, ndiyo siku tutaongea ndoa. Asipopiga, tusisumbuane."

Wakaondoka. Anitha akabaki mlangoni anataka kusema kitu. Nikamwambia, "Wewe nenda. Zamu yako bado." Akaenda.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Leo ninapoandika ni Alhamisi, saa kumi jioni. Ndoa ilikuwa iwe Jumamosi, keshokutwa.

Tangu Jumatatu simu yangu haipoi. Walioniita muuaji wamekuwa wachungaji!

"Elieth, samehe saba mara sabini."

"Elieth, ukumbi umeshalipiwa."

"Elieth, usimharibie mwenzio."

Mimi ndiye ninayemharibia? MIMI? Shangazi yule wa emoji ya moto sasa ananitumia mistari ya Biblia. Hakuna hata mmoja, naapa, hata mmoja aliyeniambia neno hili dogo: pole.

Na lile kundi la kamati? Hakuna aliyesahihisha. Matusi yangu bado yako pale, watu mia na sitini wanayapita kila siku. Mteja wangu wa duka la keki karibu na chuo kanirudishia keki tatu za kwenye kioo. Kasema ameogopa watu watasema.

Jana Evelina alikuja. Akapiga magoti mlangoni kwa chumba changu cha uani, ninamolala siku hizi, analia, majirani wanachungulia. Sikufungua.

Leo amekuja tena. Yuko hapo nje sasa hivi ninapoandika. Nasikia anavuta kamasi.

"Dada, nimepiga magoti. Dada, nifungulie."

Nimemjibu kupitia mlango, na niliyomjibu nayaandika hapa hapa ili muwe mashahidi:

"Magoti sitaki, Evelina. Magoti yako yananionyesha mimi mtu mbaya kwa majirani. Jina langu uliliharibu kwa sauti, lirudishe kwa sauti. Shika simu. Ingia kwenye kundi la kamati. Sema ulichofanya, chote, mpaka lile la 'nani atabisha'. Ukimaliza, nitampigia Mama Seth nikuombee. Nitakuombea kweli. Usipoweza, rudi ndani kwa Mama."

Dakika kumi zimepita sasa.

Wakati namsubiri niwaambie kitu, hasa nyie mnaofanya kazi za mikono. Miaka yote watu wananicheka kwamba nauza feki. Feki yangu nimeichagua kwa pua na macho, na kila aliyeinunua nimemwambia ni feki, usile. Yule aliyekula nami, nikamlipia ada, hakuniambia. Kitu feki kikikaa mahali pake hakimdhuru mtu. Mtu anayekipaka juu ya chakula na kukuchekea ndiye wa kumwogopa, na mara nyingi anakuita dada. Na usikubali kubeba kosa la mtu eti kwa kuwa mmezaliwa tumbo moja. Kama ni ndugu yako kweli, atalibeba mwenyewe, na wewe umsindikize.



Ngojeni.

Simu yangu imelia. Kundi la kamati. Evelina ametuma sauti. Dakika moja na sekunde kumi na nne.

Nimesikiliza yote. Hajaruka kitu. Hata lile la saluni amelisema, na mwisho ametaja jina langu kamili, la baba na la ukoo, akasema, "Dada yangu hajawahi kugusa chakula cha mtu kwa mkono wenye silikoni."

Bado nina hasira. Nadhani nitakuwa nayo mwaka mzima, na asiniharakishe mtu.

Lakini nimesimama, nimefungua mlango.